Ukiulizwa Cheti, Toa Cheti!

Hivi jamani, nani alitufundisha kwamba kumuuliza mtu shahada yake kaipata wapi ni kumtukana?

Nauliza kwa sababu kuna habari yangu imelala kwenye droo ya mhariri. Ilianzia hapa hapa Mtoni kwa Aziz Ali. Jirani yangu mmoja aliuza bajaji yake akalipia shahada ya biashara kwenye "chuo kikuu" cha kwenye intaneti. Baada ya miezi minne cheti kikaja, kina mhuri wa dhahabu unaong'aa kuliko kioo cha saluni. Akaenda kuomba kazi, akaambiwa chuo hicho hakitambuliki. Bajaji imekwenda, kazi hakuna.

Nikakiandikia chuo swali moja tu: nani amewapa ithibati? Jibu likatoka kwa wakili. Niache mara moja, niombe radhi, la sivyo tukutane mahakamani. Mhariri akasoma, akavua miwani. "Dogo, habari nzuri, lakini hela ya kesi hatuna." Ikaishia hapo. Ndiyo maana hapa sikitaji chuo wala gazeti. Mnaona dawa inavyofanya kazi? Hata mimi ninayepiga kelele nimeshainywa.

Wengi wanadhani mwenye kushtaki anataka kushinda. Wapi! Anataka uchoke. Katika madai ya kashfa ukweli ni utetezi, lakini mzigo wa kuuthibitisha anabebeshwa aliyeandika. Sasa niambie, mwandishi wa Dar anayepanda daladala atamleta vipi shahidi kutoka Marekani aje aeleze kwamba chuo fulani ni chumba kimoja chenye kompyuta na mashine ya kuchapa? Mwenye cheti anacho mkononi. Mwenye swali ndiye atakayefilisika akikitafuta.

Hata serikali za wenzetu zimeonja. Mwaka 2004 chuo cha Kennedy-Western, kilichokuwa hakina ithibati, kililishtaki jimbo la Oregon lililokuwa linawaonya watu juu ya shahada za aina hiyo. Jimbo zima, lenye mawakili wake, likamaliza nje ya mahakama na kulegeza maneno. Chuo kikabadili jina, na mwaka 2009 kikafunga milango. Mwaka 2015 gazeti la The New York Times lilipoianika kampuni ya Axact ya Karachi na mamia ya tovuti zake za vyuo na shule hewa, kampuni ilitishia kulishtaki gazeti, na wenye blogu wa Pakistani nao wakatumiwa barua za wanasheria. Mwaka 2018 BBC ikaonyesha kwamba vyeti zaidi ya 3,000 vya Axact viliuzwa kwa watu wa Uingereza katika miaka ya 2013 na 2014, na kati ya wanunuzi walikuwemo wauguzi na madaktari. Ukinyamazisha swali, atakayelipa ni mgonjwa kitandani.

Kwetu? Kuanzia 2009 mwanaharakati Kainerugaba Msemakweli aliwataja hadharani mawaziri na wabunge aliodai udokta wao una walakini, akaandika na kitabu, Mafisadi wa Elimu. Mmoja wa waliotajwa, naibu waziri wa wakati huo, alikwenda mahakamani kudai amechafuliwa jina. Ni haki yake, na mimi sisemi nani alikuwa mkweli. Ninachokumbuka ni Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hao hawakupata nafasi ya kumtisha mtu kwa barua ya wakili. Na wanasiasa hawakuguswa, kwa sababu Katiba, ibara ya 67, inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika tu, Kiswahili au Kiingereza. Sasa kama kusoma na kuandika kunatosha, huo udokta unaolindwa kwa mahakama ni wa nini?

Najua mtasema waandishi nao wanazusha. Kweli, wapo. Jina la mtu ni mali yake, na akizushiwa alipwe. Lakini shahada si siri ya chumbani. Imetolewa ili watu waione na wakuamini.

Mwaka 2023 Bunge lilifuta kashfa kama kosa la jinai katika Sheria ya Huduma za Habari. Ahsante, jela imeondoka. Kesi ya madai bado ipo, nayo inafunga mdomo vile vile. Kwa hiyo napendekeza: anayeshtaki kwa sababu ya shahada aanze yeye kuiweka mezani siku ya kwanza, cheti, matokeo ya masomo na ithibati ya chuo. TCU ndiyo yenye kazi ya kutathmini shahada za nje, basi mahakama iiulize mapema, kabla mshtakiwa hajauza godoro. Na wenye magazeti wachange mfuko mmoja wa mawakili, maana leo kila gazeti linatetemeka peke yake.

Mimi nimesoma Mlimani. Ukinitilia shaka njoo hapa Mtoni, nitakuonyesha cheti changu bure. Wakili sina, na simhitaji.

Haya, kazi kwenu wadau.