Ziada ya Nini?

Msimu wa korosho na mwaka wa masomo wa chuo kikuu huanza karibu pamoja, mnamo mwezi wa Oktoba. Ndiyo maana hapa Newala fedha ya kitabu cha fizikia mara nyingi ni fedha ya korosho: ni palizi, ni salfa, ni mgongo ulioinama kuokota. Fedha ya namna hiyo haistahili kutupwa. Lakini inatupwa, na wanaoshauri itupwe ni watu waliosoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiuliza anunue kitabu gani cha kuongezea yale ya darasani, hupata washauri wa aina mbili. Wa kwanza humwambia aachane na vitabu, atafute madesa na mitihani iliyopita yenye majibu yake. Wa pili humtajia majina makubwa matano au sita, kila kitabu unene wa tofali. Nasema wote wawili wanampoteza, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza: ziada ya nini? Kitabu cha ziada ni kiraka, na hakuna fundi cherehani anayekata kiraka kabla hajaliona tundu.

Tuanze na huyu wa madesa. Sikatai kwamba madesa hufaulisha mtihani. Lakini mchukue kijana aliyefaulu kwa njia hiyo, umuulize jambo la hapa nyumbani. Maji ya mradi wa Makonde husukumwa kutoka bondeni Mitema hadi huku juu. Je, pampu ingewekwa juu Newala, isingeweza kuyavuta? Kanuni anaijua, ila haoni kwamba inahusika. Pampu ya kuvuta hupunguza hewa ndani ya bomba tu. Kinachoyapandisha maji ni kanieneo ya angahewa, nayo haiwezi kuyafikisha hata mita 11. Zaidi ya hapo lazima yasukumwe kutoka chini, na kila lita moja ikipanda mita 100 hudai jouli 980 hivi, kabla hatujahesabu msuguano wa mabomba. Asiyeweza kuyaona hayo ndani ya kanuni zake hajasoma fizikia, amekariri.

Huyu wa majina makubwa naye si afadhali. Mihadhara ya Richard Feynman, aliyoitoa California kati ya 1961 na 1963, ni hazina. Lakini Feynman mwenyewe aliandika katika dibaji kwamba hakudhani amewafaa vizuri wanafunzi wale, na juzuu zake tatu zilitoka bila maswali ya mazoezi ndani yake. Kumpa kitabu hicho mtu anayeshindwa kutatua maswali ni kumwimbia mwenye njaa. Tena tangu 2013 mihadhara hiyo inasomwa bure katika intaneti, kama zilivyo bure juzuu tatu za University Physics za OpenStax, zilizotolewa mwaka 2016. Mwenye Halliday na Resnick akinunua kingine cha jinsi ileile amenunua jembe la pili, na mikono ni ileile miwili. Na aliyeingia chuoni akiwa na mapengo ya kidato cha sita, na arudi kwa Nelkon na Parker. Kurudi nyuma si aibu; aibu ni kusonga mbele gizani.

Atasema mtu: mwanafunzi mchanga atalijuaje pengo lake? Atalijua kwa penseli. Achague mada moja iliyomshinda, aingie maktaba, asome kurasa tatu za mada hiyo katika kila kitabu, kisha akifunge na kujaribu swali moja. Kitabu kilichomwezesha kulitatua ndicho chake, hata kama ni chembamba na hakina sifa. Aangalie pia Kiingereza chake; kitabu kinachomtaka apambane na lugha kwanza na fizikia baadaye kinamtoza mara mbili.

Wala kitabu kisifanywe msahafu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza alichekwa, kwa sababu jambo lile halikupatana na yaliyofundishwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye badala ya kucheka alikwenda kupima. Mwaka 1969 walichapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo. Leo Mkwawa ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vijana husomea ualimu wa fizikia palepale. Kitabu kinachostahili fedha ya korosho ni kile kitakachowaacha na ujasiri wa kuuliza kama Mpemba.

Basi ninyi mnaoombwa ushauri, msiwe wepesi wa kutaja majina. Mwambieni kijana awaonyeshe kwanza daftari lake, penye swali lililomshinda. Tundu liko pale.