Butembo: sezariene ni ya saa moja, kupona ni kwa wiki sita

Katika mtaa wa Kimemi, mjini Butembo, kama kwingineko katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni, ambao wengi huuita sezariene, humalizika kwa muda wa saa moja hivi. Mwili wa mama huhitaji karibu wiki sita ili upone. Jamaa huchanga pesa kwa ajili ya ile saa moja. Wiki sita zinazofuata huachiwa mama mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanaumia.

Mwaka 2019, jarida la tiba The Lancet Global Health lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofuata akina mama zaidi ya 3,600 waliopasuliwa katika nchi 22 za Afrika. Karibu mama 1 kati ya 200 alifariki, kiwango kinachofikia mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Karibu mama 1 kati ya 6 alipata tatizo, na lililotokea zaidi ni kuvuja damu nyingi. Maana yake ni kwamba mama aliyetoka salama kwenye chumba cha upasuaji bado anahitaji macho ya watu juu yake.

Kinachoonekana nje ni mshono wa ngozi tu. Chini yake kuna mafuta, utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, kisha kizazi chenyewe, na vyote vilikatwa. Ngozi hufunga kwa wiki mbili hivi, lakini sehemu za ndani huchelewa. Ndiyo maana mama anaweza kuonekana mzima siku ya kumi na tano, akainua bidoni ya maji ya lita 20, na jioni akalala kwa maumivu. Kanuni ambayo wauguzi hutoa ni rahisi: katika wiki hizo sita, asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake.

Kutobeba mzigo si kulala kitandani mchana kutwa. Mama anatakiwa kusimama na kutembea kidogo kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu damu isiyotembea huganda miguuni, na bonge hilo likipanda kwenye mapafu huua. Anatakiwa pia kula na kunywa vizuri: maharagi, mayai, samaki, sombe, matunda, na maji ya kutosha. Kidonda huoshwa kwa maji safi na sabuni, kikaushwe, kisipakwe majani wala kukandwa kwa maji ya moto. Dawa za maumivu kama parasetamoli hazimzuii kunyonyesha.

Shirika la afya duniani, OMS, linashauri tangu mwaka 2022 kwamba mama abaki kituoni saa 24 au zaidi baada ya kuzaa, kisha aangaliwe tena mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Aliyepasuliwa hubaki hospitalini siku kadhaa, kwa hiyo ukaguzi wa kwanza mara nyingi humkuta huko. Miwili inayobaki inategemea miguu yake na mfuko wake. Butembo ni mji wa vilima. Kupanda na kushuka na kidonda kibichi ni mateso, na kukaa nyuma ya pikipiki kwenye barabara ya mashimo ni zaidi ya hapo. Basi mama hubaki nyumbani na kusema, “Nitaenda kama kunauma.”

Pesa nazo zina lao. Mwaka 2017, taasisi ya utafiti Chatham House ya London ilieleza jinsi wagonjwa wanavyozuiliwa hospitalini kwa kukosa malipo katika nchi nyingi, Congo ikiwa mojawapo, na akina mama waliopasuliwa walikuwa kati ya wanaokumbwa zaidi. Septemba 2023, serikali ilizindua mjini Kinshasa mpango wa kuzaa bila malipo, unaogusa pia upasuaji. Ni hatua kubwa. Lakini kwa raia wa Kimemi, kipimo chake hakiwezi kuwa mlango wa chumba cha kuzalia peke yake. Bendeji, dawa na nauli ya kurudi kukaguliwa vinaweza kumshinda mama hata kama operesheni haikulipiwa.

Juu ya hayo kuna vita. Katikati ya Novemba 2025, waasi wa ADF walishambulia kituo cha afya cha kanisa Katoliki huko Byambwe, katika wilaya ya Lubero. Kulingana na MONUSCO, watu wasiopungua 17 waliuawa, wakiwemo wanawake waliokuwa kwenye chumba cha wazazi. Mahali mama alipopaswa kupumzika pakawa mahali pa kufia. Na kijiji kinapokimbia, mama wa siku tano naye hukimbia, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Hakuna mshono ulioshonwa kwa ajili ya safari hiyo.

Amani haiko mikononi mwa jamaa, lakini mambo kadhaa yako mikononi mwao. Mume, mama mkwe na majirani wanaweza kuchota maji, kufua na kwenda shambani kwa wiki sita. Vikundi vya kuwekeana pesa vinaweza kutenga nauli ya ukaguzi tangu mimba ikiwa changa. Na kila mtu nyumbani ajue dalili zisizongoja asubuhi: homa, kidonda kinachotoa usaha au harufu, damu inayojaza kitambaa kwa muda usiofika saa moja, mguu mmoja uliovimba na kuuma, kukosa pumzi, au kichwa kinachouma sana huku macho yakiona giza.

Ukaguzi wa wiki ya sita ndio pia nafasi ya kuzungumza juu ya uzazi. OMS inashauri kungoja miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya mimba nyingine, kwa sababu kovu changa la kizazi linaweza kupasuka. Aliyepasuliwa mara moja anaweza pengine kuzaa kwa njia ya kawaida safari nyingine, lakini azalie hospitalini penye daktari wa kupasua, na aeleze mapema kwamba ana kovu. Mazungumzo hayo yamhusu mume pia, maana mara nyingi ndiye anayeamua ni lini mama atarudi shambani na ni lini atabeba mimba nyingine.