Makofi Hayapimi Jasho

Kura moja ilikuwa shilingi 20. Unatuma kwa M-Pesa, unaweka namba ya msanii wako, na kama una pesa unampigia hata kura mia. Mshindi angeondoka na kitita na siku tatu za studio. Kitakachobaki, posta ilisema, kitaenda kwa watoto wenye ugonjwa wa mapafu wa kurithi. Ugonjwa wenyewe haukutajwa jina. Mimi nililipwa elfu nne kumwandikia emsii maneno ya kusema, na hizo pesa nilizihitaji, kwa hivyo msidhani naandika haya nikiwa msafi.

Jina nililipata kwa maelezo ya kazi: sistiki faibrosisi. Sikuwa nimewahi kulisikia. Mimi si daktari, hata digrii sina. Niliacha kampasi mwaka wa pili karo ilipotushinda nyumbani. Lakini nilikuwa na bando na usiku mzima, basi nikasoma.

Mtoto anaupata akirithi jeni mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wenyewe huwa wazima, na mara nyingi hawajui wamebeba kitu. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Jeni hiyo ikiharibika, chumvi na maji havipiti vizuri kwenye seli. Makamasi yanakuwa mazito kama gundi, yanaziba njia za hewa, na bakteria wanahamia humo. Kongosho nayo inaziba, chakula kinapita bila kusagika, na mtoto anayekula kama mtu mzima unamkuta mbavu zinahesabika. Jasho lake lina chumvi kupita kiasi. Mama akimbusu kwenye paji la uso, anaionja.

Sasa peleka mtoto huyo kwenye foleni ya kliniki hapa kwetu. Kikohozi kisichoisha? TB. Kifua kila mwezi? Nimonia. Haongezi kilo? Utapiamlo, na mama anaulizwa huwa anampikia nini. Hayo magonjwa yapo na yanaua, kwa hivyo simlaumu daktari anayeanza nayo. Shida ni kuishia hapo. Kwa miaka mingi watu wamefundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ukiamini hivyo hupimi, usipopima hupati, na usipopata unasema haupo. Afrika Kusini waliutafuta kwa wagonjwa Weusi na wakaupata, na hitilafu ya jeni inayoonekana sana kwao, 3120+1G>A, siyo ile inayoongoza Ulaya.

Na kuupima si uchawi. Mwaka wa 1953, daktari Paul di Sant'Agnese na wenzake huko New York walichapisha walichokigundua baada ya joto kali kuwaangusha watoto wenye ugonjwa huu: jasho lao lilikuwa na chumvi nyingi kuliko la watoto wengine. Mpaka leo kipimo kikuu ni hicho hicho. Unaweka dawa ya kutoa jasho kwenye mkono, unapitisha umeme mdogo, unakusanya jasho kwa nusu saa, unapima kloraidi. Hakuna kisu. Lakini lazima mtu awe na kifaa, awe amefunzwa kukitumia, na kwanza kabisa awe amewaza kupima.

Nikaandika sentensi nne kuhusu hayo yote, emsii awe anazisoma kati ya nyimbo. Nikatuma. Ratiba ikarudi sentensi zangu zikiwa zimekatwa. Mratibu aliniambia zinaua vibe.

Mahali pake paliwekwa kitu kingine. Watoto wawili wenye ugonjwa wangepanda jukwaani wakati wa wimbo wa mwisho, wakumbatiane, taa zizimwe, mafans wawashe tochi za simu. Nilikuwa nimesoma usiku ule ule kwamba wagonjwa wa sistiki faibrosisi hushauriwa wasikaribiane, wakae mbali angalau mita mbili, kwa sababu wanaweza kuambukizana bakteria ambao mapafu yao hayawezi kuwaondoa. Nikampigia mratibu.

"Bosi, hiyo ya kukumbatiana itoe. Ni hatari kwao."

"Kijana wangu, hiyo ndiyo picha yenyewe. Bila hiyo sponsa anapata nini?"

Aliyewaokoa watoto hao ni mama wa mmoja wao. Alikataa kuja. Emsii akatangaza kwamba mtoto hajiskii vizuri, ukumbi ukasema woiye, na kura zikapanda.

Shoo ilienda saa tatu. Waimbaji kumi na wawili, na wengine walikuwa moto kweli, sitasema uongo. Jina la ugonjwa lilitajwa mara tatu, moja kimakosa. Nje ya geti, mama anayeuza smokie aliuliza kundi la vijana shoo ilikuwa ya nini. "Ni ya mapafu," mmoja akajibu. "Kitu kama asthma." Huyo alikuwa amelipa tiketi na kupiga kura. Huo ndio uhamasisho tulioufanya. Hesabu ya kura haijatangazwa hadi leo.

Najua mtaniita hater. Mtasema angalau wanafanya kitu. Lakini mimi sipingi harambee wala muziki. Marekani, wazazi wa watoto hawa walianzisha Cystic Fibrosis Foundation mwaka wa 1955, wakachanga, na baadaye michango hiyo ikaingizwa kwenye utafiti wa dawa. Mwaka wa 2014 taasisi hiyo iliuza haki zake za mrabaha wa dawa kwa dola bilioni 3.3. Trikafta, dawa iliyobadilisha maisha ya wengi, iliidhinishwa huko 2019. Mchango unaweza kufika mbali hivyo, mradi anayechanga anajua unaenda wapi.

Ila Trikafta ilitoka na bei ya zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, kwa mgonjwa mmoja. Na aliyerithi ile 3120+1G>A kwa baba na kwa mama, haimsaidii hata akipewa bure. Kwa hivyo sisi hatuwezi kuiga tochi za simu tukingoja muujiza utoke ng'ambo. Mtoto wa hapa anahitaji kipimo cha jasho, vimeng'enya vya kusaga chakula, antibiotiki kwa wakati, na mtu wa kumfundisha mamake jinsi ya kumtoa kohozi kifuani kila siku. Vitu hivyo vinahesabika. Vinaweza kuandikwa kwenye posta pamoja na bei.

Basi ukiandaa shindano kama hilo, andika kabla ya kura ya kwanza shilingi 20 inanunua nini. Walipe wasanii, maana nao wanakula. Waulize wazazi wa wagonjwa kabla ya kumuuliza sponsa. Na kama huwezi kutaja ugonjwa na dalili zake mbele ya watu mia tano walionyamaza wakikusikiliza, fanya shoo yako tu, usiwatumie watoto kuuza tiketi.

Sentensi zangu nne zilizokatwa ni hizi. Hazihitaji kura.

Ukimbusu mtoto na ngozi yake ina ladha ya chumvi nyingi, usipuuze. Akikohoa miezi na miezi, akipata nimonia tena na tena, au akila vizuri bila kuongeza uzito huku choo chake kikiwa na mafuta na harufu kali, mwambie daktari yote kwa pamoja. Uliza kama anaweza kupimwa jasho. Ukiambiwa huo ni ugonjwa wa Wazungu, uliza tena.