Kisu cha Samaki Kiwe cha Samaki



Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Viktoria tunakula samaki na tunauza samaki. Lakini wengi wetu husema, "Kisu ni kisu tu." Kisu kimoja hukata kamba, humenya mihogo, kisha hupasua samaki. Mimi sikubali. Samaki anataka kisu chake.

Tumtazame sato. Kisu kikiwa kinene na butu, hakifuati mfupa wa mgongo. Hurarua nyama. Mnofu hutoka vipande vipande, na nyama nyingine hubaki mfupani. Nyama hiyo ungeiuza, au ungewapa watoto wako. Hiyo ni hasara.

Wengine huogopa kisu kikali. Husema kitawakata. Lakini kisu butu ni cha hatari zaidi. Kisu butu hukulazimisha kukandamiza kwa nguvu. Samaki huteleza, kisu huruka, na mkono hukatwa. Mkono wenye jeraha haushiki nyavu wala jembe.

Basi, tuchague kisu gani?

Kisu cha kutoa minofu ya sato kiwe chembamba na chenye ncha. Urefu wa chuma uwe kama sentimita 15. Kabla ya kununua, bonyeza ncha polepole juu ya ubao. Kisu kizuri hupinda kidogo, kisha hunyooka tena. Kikibaki kimepinda, kiache.

Kisu cha kutoa matumbo kiwe kifupi, kama sentimita 10. Kisu kirefu huzama ndani na kupasua nyongo. Nyama ikiguswa na nyongo huwa chungu.

Tazama mpini pia. Usiwe na nyufa, kwa sababu uchafu hujificha humo. Tena usiwe wa kuteleza mkono ukilowa.

Najua fedha ni shida. Kama huwezi kununua visu viwili, nunua kimoja chembamba, ukitunze. Kisu cha bei ndogo kinachonolewa ni bora kuliko cha bei kubwa kilichoachwa butu. Kinoe kwa jiwe kila kabla ya kazi. Usipae magamba kwa makali yake, tumia kijiko. Ukimaliza kazi, kioshe kwa sabuni na maji safi, kikaushe, na kiweke mbali na watoto.

Wazee walisema, "Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama." Leo ukirudi nyumbani, kitazame kisu chako. Je, ni kikali?

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kisu butu ni cha hatari kuliko kisu kikali?
2. Kisu cha kutoa matumbo kiwe kifupi kwa sababu gani?
3. Nyumbani kwako mnatumia kisu gani kwa samaki? Je, kinafaa?