Watoto wa Kambi, Kwao ni Wapi?

Kila zitajwapo habari za vita vya Katanga, watu hutaja wakubwa. Hutajwa Tshombe, aliyetangaza tarehe 11 Julai 1960 kwamba Katanga imejitenga na Kongo, siku 11 tu baada ya uhuru. Hutajwa Lumumba, aliyeletwa katika mji wetu tarehe 17 Januari 1961 akauawa usiku ule ule pamoja na Mpolo na Okito. Hutajwa Hammarskjöld na ndege yake iliyoanguka karibu na Ndola. Hutajwa shaba, mamluki na Union Minière. Hayo yote ni kweli, wala hatusemi yasitajwe. Lakini twauliza: na nyumbani je? Mama aliyebaki na watoto sita na sufuria tupu, habari zake nani ameziandika?

Tuanze mbali kidogo, maana jambo hili lina mizizi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilikuwa imechoka kubadili wafanya kazi kila mara. Ikaona heri kumweka mtu pamoja na mkewe, impe nyumba, impe posho yake na ya mke na ya watoto, ijenge shule na nyumba za kuzalia. Haikuwa huruma hiyo, ndugu wasomaji. Kampuni ilipiga hesabu kwamba mtoto anayezaliwa kambini ni mfanya kazi wa kesho, asiye na haja ya kufuatwa mbali. Wazazi wengi waliletwa kutoka Kasai. Watoto wao wakazaliwa Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Kolwezi. Wakacheza hapa, wakala bukari ya hapa, wakasema Kiswahili cha hapa. Kasai waliijua kwa masimulizi ya bibi zao tu.

Ndipo ikaja siasa ya wenyeji na wageni. Watoto wale wale waliotamaniwa na kampuni wakaambiwa si wa hapa.

Mwishoni mwa Agosti 1961 serikali ya Tshombe ilipokuwa ikiwakamata Baluba mitaani, jamaa nzima nzima zilibeba magodoro na watoto zikakimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Katika siku chache walikuwa wamezidi 30,000, na baadaye yakatolewa makisio ya zaidi ya 70,000. Huo ulikuwa mji ndani ya mji. Vibanda vilijengwa kwa mabati, mbao, magunia na chochote kilichopatikana. Mapigano yakaanza Septemba, yakarudi tena Desemba, na raia wa kila rangi wakafa mjini. Mvua nazo hazikungoja amani. Katika hali hiyo mama alipaswa kutafuta kuni, kupanga foleni ya unga, kumtuliza mtoto mwenye homa, na kumzuia kijana wake wa kiume asifuate magenge.

Maana magenge yalikuwapo, na tusifiche. Kambi ile ilikuwa na vijana waliowapiga na kuwatisha wenzao. Na huko kaskazini, vijana waliojiita Jeunesse wa BALUBAKAT walishika mishale na minyororo ya baiskeli, nao wakaua. Wako watu wapendao kuwataja kama mashujaa watupu, wengine kama wanyama. Sisi twaona wengi wao walikuwa watoto waliokosa shule na kupata silaha, na lawama kubwa ni ya wazee waliowatuma.

Mwaka 1962 Umoja wa Mataifa uliivunja kambi na kuwasafirisha maelfu hao mpaka Kasai na Katanga ya kaskazini. Ilisemwa wanarudi kwao. Lakini mtu hurudi mahali alipopata kuwa! Na hiyo Kasai ilikuwa imetoka katika balaa lake. Bakwanga, ambayo leo ni Mbuji-Mayi, ilijaa wakimbizi mwaka 1960, njaa ikaingia, watoto wakavimba miguu kwa unyafuzi, na katika siku zilizokuwa mbaya kabisa ilihesabiwa kwamba watu kama 200 hufa kila siku. Ndiyo nchi waliyoambiwa ni kwao.

Katika kambi ile ya 1961 Baluba wa Katanga na Baluba wa Kasai walilala chini ya bati moja na kula unga mmoja. Hili twaomba lisisahauliwe, kwa sababu miaka 30 baadaye lilisahauliwa kabisa. Mwaka 1992, wakati Gabriel Kyungu wa Kumwanza, naye ni Muluba wa Katanga, alipokuwa gavana, watu wa asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Wakafukuzwa Likasi, na mwaka 1993 wakafukuzwa Kolwezi. Walilala katika stesheni wakingoja gari moshi, majuma na hata miezi, na watoto wakafia pale pale penye reli. Wengi wa hao waliofukuzwa walikuwa wajukuu wa watu waliokuja na reli hiyo hiyo kuichimbia kampuni shaba.

Neno lile halijafa bado. Katika miaka hii ya karibuni, gari moshi zilipofika kutoka Kasai zikiwa zimejaa vijana watafutao kazi, maneno ya zamani yalisikika tena. Basi twawakumbusha wenye madaraka kwamba Katiba ya 2006, kifungu cha 30, yampa kila mtu haki ya kwenda na kukaa popote katika nchi hii. Iko pia sheria ya mwaka 2009 ya kuwalinda watoto, ambayo yataka kila mtoto aandikishwe anapozaliwa. Mtoto aliyezaliwa Katuba aandikwe amezaliwa Katuba, bila karani kumwuliza babu yake alitoka kijiji gani.

Lipo na jambo jingine, nalo ni la haraka. Aliyekuwa na miaka 10 kambini mwaka 1961 sasa amepita 70. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilifanya kazi njema tangu mwaka 2000 kwa kukusanya kumbukumbu za wakazi wa mji. Twaomba kazi hiyo iendelee Kenya, Kamalondo, Ruashi na Katuba, na safari hii waulizwe kwanza akina mama: walipika nini, walizika nani, na jirani yupi aliwafungulia mlango. Waulizwe watu wa makabila yote, na wa Kasai na wa Katanga. Na pale ilipokuwa kambi, Manispaa iweke jiwe lenye mwaka na maneno machache, kwa Kiswahili.