Mnara umesimama, lakini mtandao hauingii ofisini

Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ilitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za vijijini. Mikataba hiyo ilihusu pia kuiongezea nguvu minara mingine 304 iliyokuwepo. Kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa maeneo kama Mbalibali, wilayani Serengeti mkoani Mara, mpango wa namna hii ni wa kupongezwa. Hata hivyo, mnara ni nusu tu ya safari. Nusu ya pili ni kuufikisha mtandao mezani kwa karani wa chama, chini ya paa la bati, na kazi hiyo hakuna mkandarasi anayelipwa kuifanya.

Wengi hudhani hili ni suala la mafundi. La hasha, ni suala la bei. Ofisi ya chama cha msingi cha ushirika au ya mnunuzi wa mazao leo hutegemea mtandao karibu kila hatua. Bei za Mugumu, Musoma na Mwanza huulizwa kwa simu, na malipo hupita kwenye simu. Mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa 2022/23, hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa kwenye mfumo wa kompyuta. Mashine ya risiti nayo sharti itume taarifa TRA.

Tuchukue mfano. Wakulima 40 wakisubiri saa 2 kila mmoja kwa sababu mtandao unakatika, zimepotea saa 80, sawa na siku 10 za kibarua mmoja. Gharama hiyo haiandikwi kwenye daftari la chama, lakini imelipwa. Anayeumia zaidi ni yule mwenye mgonjwa au ada ya shule, asiyeweza kusubiri. Huyo huishia kumuuzia mlanguzi njiani kwa bei ya kutupa.

Huko Kerala, India, mchumi Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa sadini kati ya mwaka 1997 na 2001, wakati simu za mkononi zikiingia. Matokeo aliyochapisha mwaka 2007 yalionyesha kuwa faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8 na bei kwa walaji ikashuka kwa asilimia 4. Samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi, asilimia 5 hadi 8 ya waliovuliwa, hawakutupwa tena. Siri ni kwamba mawimbi ya minara ya pwani yalifika hadi kilometa 20 na zaidi baharini. Mvuvi aliuliza bei akiwa bado chomboni, kabla hajaamua atie nanga wapi. Kwa mkulima, mahali pa uamuzi ni penye mizani. Mtandao unaopatikana juu ya kichuguu nje ya ofisi haumsaidii aliyeko ndani akipimiwa gunia.

Je, chama kifanye nini? Kwanza, kipime kabla ya kununua. Karani azunguke ndani na nje ya jengo na simu yenye laini za kampuni tofauti, asubuhi, mchana na siku ya mnada. Asiamini sana vimistari vya kwenye kioo, maana kila simu huvihesabu kivyake. Simu nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi kwenye mipangilio yake. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao ulivyo na nguvu, na tofauti kati ya -105 na -75 ni mara 1,000.

Pili, kinunue kimo kabla ya kununua mashine. Bati hurudisha mawimbi, ukuta mnene huyapunguza na kilima huyakinga. Modemu ikitolewa kwenye droo na kuwekwa juu, dirishani, upande wa mnara, huenda ikatosha bila gharama yoyote. Isipotosha, antena ya nje juu ya mlingoti, iliyoelekezwa mnarani, ndiyo hatua inayofuata. Waya wake uwe mfupi, kwani mrefu hula mawimbi. Aidha, kanda yetu ya Ziwa ina radi nyingi, hivyo mlingoti sharti uwe na waya wa kupeleka radi ardhini.

Tatu, kitofautishe mtandao wa mnarani na waifai ya ofisini. Ruta ya waifai ikae katikati na juu, mbali na kabati la chuma. Masafa ya 2.4 hupenya ukuta vizuri kuliko ya 5. Lakini ruta hata iwe ya bei gani haiwezi kugawa kisichoingia.

Nne, tujihadhari na vikuza mawimbi vya magendo. Vifaa hivyo vinatakiwa kuwa vimeidhinishwa na TCRA. Kisichofaa huvuruga mnara wenyewe, na kijiji kizima kikakosa huduma.

Lipo tatizo ambalo antena hailiponyi. Mtandao ukiwa mzuri asubuhi na kufa siku ya mnada, mnara umezidiwa na watu. Kama mnara ni wa 2G, malipo kwa menyu ya nyota yatapita, lakini mifumo ya kompyuta itasuasua. Hapo dawa ni kampuni kuongeza uwezo. Chama kiandike tarehe, saa na namba zilizopimwa, kipeleke malalamiko kwa kampuni, na kisiposikilizwa kiende ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa, Mwanza. Malalamiko yenye vipimo ni magumu kupuuzwa.

Mkutano mkuu wa chama huwa na ajenda ya mizani na ya magunia. Umefika wakati mtandao uwekwe hapo hapo, kwa kuwa nao ni chombo cha kupimia bei. Wanachama waulize: msimu uliopita tulisubiri saa ngapi, na mlingoti mmoja ungegharimu kiasi gani? Wakishapiga hesabu hizo mbili, uamuzi hautakuwa mgumu.