Maji ya Mezani na Heshima ya Askari

Askari apelekwaye ng'ambo kwa mafunzo hufundishwa silaha na amri za huko. Lakini ni nani amfunzaye namna ya kuagiza maji mkahawani? Kwetu Uganda mhudumu huuliza, "Baridi au ya moto?", na kila mtu huelewa kwamba soda "ya moto" ni ile isiyowekwa katika friji. Marekani swali hilo halipo: bilauri ya maji yenye barafu huletwa bure kabla ya chakula. Uchina huletwa maji ya moto hasa, yatokayo birikani. Ujerumani maji huuzwa kwa chupa, mara nyingi yakiwa na gesi, na aombaye ya bomba aweza kuonekana bahili.

Nimepata kumwona afisa mwenzetu akimfokea mhudumu kwa ajili ya bei ya maji. Waliokuwapo hawakulijua jina lake. Waliiona bendera begani mwake. Aibu ile ikawa yetu sote.

Basi, ndugu askari, ulizeni bei kabla ya kunywa, wala msidharau desturi ya mwenyeji. Hata hivyo kumbukeni kwamba ubaridi wa barafu hauui vijidudu vyote vya maradhi. Penye shaka juu ya maji, ikataeni na barafu. Lakini kwa upole.